Kimbunga Kinachobisha Hodi

Asubuhi ya Jumatatu Verlene Stotts alikuwa akimviringishia Bi Twyla nywele, na Bi Twyla, kama kila Jumatatu tangu baridi ilipokwisha, alimtazama kwenye kioo akauliza, "Umekiona?"

"Bado."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, Bi Twyla. Inamisha kichwa."

Saluni nzima ilicheka, na Verlene akacheka nao ili yaishe. Kosa lilikuwa lake. Kabla hajaona kimbunga hata cha kusingiziwa, alikwisha bandika kwenye mlango wa pikapu yake maandishi makubwa ya njano: MKIMBIZA DHORUBA. Mji wa Tansey, Oklahoma, ni mji ambao mchungaji hukatiza mahubiri akatoka nje kutazama wingu. Ukijipa jina kama hilo pale, utaulizwa.

Mwalimu wake alikuwa Dwight Hargis, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na kustaafu ili afukuzane na mawingu. Kundi la Hargis, la watu wanaofukuza dhoruba ili kuona vimbunga, lilikuwa na sharti moja: jioni, aliyeona kimbunga anakula steki, na asiyeona anakunywa supu ya nyanya. Verlene alizijua supu za nyanya za migahawa yote kutoka Amarillo mpaka Wichita, na angeweza kukwambia ipi ni ya kopo.

Alhamisi hiyo waliegesha kusini mwa mji wa Woodward, kando ya shamba la ngano, chini ya wingu lililokuwa likizunguka polepole. Hargis alikunjua kiti chake cha turubai akakaa. Verlene alitazama rada kwenye simu akaona, upande wa Kansas, doa jekundu la dhoruba kubwa zaidi. Uroho ukamwingia.

"Mwalimu, hili limechoka. La maana ni lile la kule."

"Wingu lililo juu ya kichwa chako usiliache kwa ajili ya lililo kwenye simu."

"Tutachelewa!"

"Basi nenda, binti. Mimi nimeshachelewa mengi, na nimenenepa hivihivi."

Akaenda. Alipofika Kansas, lile doa jekundu likawa mvua ya mawe iliyompasulia kioo cha mbele, kisha ikakatika. Jua likatoka, na ng'ombe wakaendelea kula. Huku nyuma, kwenye shamba aliloliacha, kilishuka kimbunga cheupe, chembamba, kikatembea kwenye ngano bila kuangusha hata nguzo ya uzio. Jioni wenzake walikata steki wakionyeshana picha, na mhudumu akamletea Verlene supu bila kumwuliza. Alikwenda msalani akalia. Alilia kwa wivu tu, na alijua hivyo, na ndiyo maana alilia zaidi.

Mama yake, Idabel, aliishi ng'ambo ya reli, kwenye kiwanja cha nyumba za trela. Jumamosi Verlene alimkuta amepiga magoti, misumari mdomoni, akitengeneza ngazi ya baraza.

"Nani kaing'oa, Mama?"

"Nani tena? Kimbunga. Kilipita Alhamisi."

Verlene akakalia ndoo. "Alhamisi ipi?"

"Wiki moja ina ngapi? Kilibisha hodi, nikavaa viatu, nikaenda kanisani. Sasa kina adabu. Mwaka juzi kilikuwa kinagonga madirisha, watoto wanashtuka. Nipe hiyo nyundo."

Ng'ambo ya reli hakukuwa na king'ora cha kuwaonya watu kimbunga kinapokuja. Kile cha mji kilikaa juu ya kituo cha zimamoto, na sauti yake haikufika kwenye trela. Watu wa huko walikwenda kwenye baraza la mji kuomba cha kwao mpaka viatu vikaisha. Basi kimbunga kikalichukua jukumu hilo. Kikitoka mashambani kilipunguza mwendo, kikapita mlango kwa mlango kikibisha hodi, kisha kikajivuta pembeni na kungoja kwenye tuta la reli mpaka mtu wa mwisho ateremke kwenye handaki la kanisa. Ndipo kilipofanya kazi yake. Hodi yenyewe haikuitikiwa "Karibu", lakini hakuna aliyeipuuza.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" Verlene aliuliza.

"Hukuuliza, mwanangu. Kila ukija unanieleza mawingu ya Kansas. Nami nilikuwa nafurahi kukuona umefurahi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko supu zote. Alimpigia simu Hargis akamsimulia, na Hargis akamtaka asimulie tena tangu mwanzo, kwa sababu naye ameumbwa na wivu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema hatimaye. "Kakae kwa mama yako. Usiendeshe hata baiskeli."

Akakaa. Kila alipotoka saluni alikwenda ng'ambo ya reli, akasimamisha kamera barazani, lenzi ikitazama ngano. Alimenya mbaazi. Alipaka rangi ngazi. Alimsikiliza jirani, Mzee Orville Peeks, ambaye miguu yake ilikwisha kukataa kazi na mdomo wake bado, akisimulia vimbunga vya zamani na tabia zao. Mawingu yalikuja yakapita, na Verlene alishangaa kwamba hamu yake haikumuuma tena kama zamani. Ilikaa tu pale barazani naye.

Kilikuja alasiri moja ya joto, wakati Idabel ameinjika bamia za kukaanga. Ngano ililala upande mmoja. Mbwa wa kiwanja walianza kwenda kanisani peke yao. Kisha, kwenye trela ya mwisho, mlango ukabishwa. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Taratibu, kama mgeni anayejua kuwa amekuja saa ya chakula.

Verlene alishika kamera. Wingu lote lilikuwa likizunguka juu ya kiwanja, na chini yake, nyuma ya trela ya jirani, kitu kirefu kilikuwa kinakuja kuchungulia kwenye kona.

"Verlene," mama yake aliita, sufuria ya bamia mikononi. "Leo zamu ya kumbeba Orville ni ya nani?"

"Sijui, Mama."

"Mimi najua. Mgongo wangu umekwisha."

Verlene alitazama ile kona. Alitazama mlango wa Mzee Peeks, ambao ulikuwa unabishwa kwa mara ya pili, kwa upole tu. Akaiacha kamera barazani, akaingia kwa mzee kupitia mlango wa nyuma, akainama, akamtupa mzee begani kama gunia la unga, akaelekea kanisani. Uso wake ulitazama njia. Uso wa Mzee Peeks ulitazama nyuma.

"Lo! Kizuri, binti!" mzee alipiga kelele. "Cheupe chini, juu cha buluu!"

"Usitikisike, Mzee, utaniangusha!"

"Kimefika kwenye tuta. Kimesimama. Kinatungoja sisi, bibie, kaza mwendo, tusimcheleweshe mtu wa watu!"

Verlene alicheka huku akikaza mwendo. Alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na hakugeuka, kwa sababu ukigeuka na mzee begani unamgonga kichwa kwenye mlango wa kanisa.

Handakini kulikuwa na bamia, mkate wa mahindi na pai ya pichi, na mtu alikuwa na gitaa. Mzee Peeks alikieleza kimbunga mara nne, na kila mara kilirefuka. Bi Twyla, aliyekuwa amemtembelea dada yake anayeishi pale kiwanjani, aliuliza kutoka pembeni, "Haya, Verlene. Umekiona?"

"Sijakiona," Verlene alisema, mdomo umejaa, na handaki zima likapiga makofi. Alikuwa na furaha. Alikuwa pia na huzuni kidogo, na vyote viwili vilitosha kwenye sahani moja.

Walipopanda juu, kimbunga kilikuwa kimechukua baraza la Idabel, kamera, na mapaa saba.

Wiki hiyo Verlene alivaa gauni la Pasaka akaenda kwenye baraza la mji kuomba king'ora cha ng'ambo ya reli. Alieleza vizuri, bila kujivuna. Meya alimsikiliza mpaka mwisho, akaguswa, akasema haoni kwa nini mji uingilie mpango unaokwenda vizuri namna ile. Baraza likapitisha azimio la kukishukuru kimbunga. King'ora kipya, ambacho kilikwisha nunuliwa, kilifungwa kwenye uwanja wa gofu.

Mwaka uliofuata Verlene alihamia trela iliyo kati ya mama yake na Mzee Peeks. Kimbunga kilipokuja, kilianzia mlango wa mzee, kwa kuwa yeye ndiye anayechukua muda mrefu, kisha kikabisha kwa Verlene, ambaye alikuwa amekwisha vaa viatu.

Kila Jumamosi saa sita mchana king'ora cha gofu hupigwa kwa majaribio. Wachezaji huinua vichwa, husikiliza, halafu huendelea kucheza. Ng'ambo ya reli hakisikiki. Huko watu husikiliza mlango.