Anayemdai Amisse

Amisse aliletwa asubuhi kutoka njia ya Nhica do Rovuma, kichwa chake kikiwa kwenye mfuko wa mchele. Waliomchinja hawakusema wanataka nini. Waoshaji walikishona shingoni kwa uzi wa nyavu, wakaosha na mihuri miwili ya lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia hati, kwenye vifundo vya mikono yake. Ukoo wake wote huzaliwa nayo, na haitoki kwa sabuni.

Jeneza lilipowekwa uani, Abudo, kaka wa marehemu, alisema kama isemwavyo katika kila msiba wa Mocímboa: anayemdai Amisse ajitokeze, deni hilo sasa ni lake yeye Abudo. Muuza samaki mmoja akasamehe lake. Kisha nyuma kabisa wakasimama Wazungu wawili, mfalme aliyekufa zamani na mkopeshaji wake, ambaye alishika msumeno. Mfalme, tumpe haki yake, alikuwa amevua viatu.

Mwalimu Momade wa msikitini akataka ushahidi. Mfalme akaonyesha mihuri ya mikononi mwa Abudo, akaeleza bila kuficha. Vita vilikuwa vimekomba hazina yake, na wakopeshaji wa nchi za jirani hawakulitaka taji, maana lilikwisha kuwekwa rehani kwingine. Basi akaweka rehani mikono ya watu wa ukoo huu wa pwani, wao na vizazi vyao, ingawa hajawahi kuwaona. Fedha akapewa siku hiyo hiyo.

Zuleica, mjane, alikuwa mlangoni na mimba yake kubwa.

“Shemeji, rudisha maneno yako,” alimwambia Abudo.

“Nimeshasema mbele ya maiti.”

Abudo akalaza mikono juu ya kinu. Msumeno ulikuwa butu na mifupa ilichukua muda. Wanaume walimshika mabega, mmoja akamziba mdomo kwa kilemba. Damu ilifika kwenye miguu ya jeneza. Mkopeshaji akaitia mikono ndani ya ule mfuko wa mchele, akatangaza kwamba deni la ukoo limekwisha. Zuleica alilia, na ndani ya kilio hicho mlikuwa na furaha: mwanawe angezaliwa huru.

Jeneza lilikuwa bado halijanyanyuliwa mfalme aliposema ana vita vingine. Mkopeshaji akauliza kuhusu rehani. Mfalme akatazama huku na huku, akanyoosha kidole kwenye tumbo la Zuleica.

Zuleica alimpiga kwa mchi hadi taya likaanguka. Mfalme akaliokota, akalirudisha mahali pake, akapokea fedha.

Amisse alizikwa kabla ya adhuhuri. Wiki hiyo Zuleica alijifungua binti. Mkunga alimwosha polepole kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu lakiri ilikuwa bado ya moto.