Wawili Ndani ya Mihogo

Ile njia niliigundua mimi. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu siku hizi Elias anawaelezea watu kana kwamba aliichora yeye. Unatoka Kiseke asubuhi, unapanda Buswelu, unashika vijia vya ndani hadi Sangabuye, unateremka Kayenze ziwani kula samaki, kisha unarudi kandokando ya ziwa kupitia Igombe mpaka Kiseke tena. Ni mduara wa siku nzima na hupiti mahali pamoja mara mbili. Vijia hivyo nilivijua kwa kazi yangu ya kutengeneza pampu za visima, na mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Sabina.

Sabina ni muuguzi kwenye zahanati ya mtaani kwetu. Nilitaka kumuoa. Mjomba wangu, mzee Mhoja, alijua; tulishakubaliana kwamba mpunga wetu ukivunwa atapeleka posa kwa mama yake, anayeishi kijiji kimoja kati ya Sangabuye na Kayenze, palepale njiani. Dada yangu alijua. Hata jirani anayeniuzia maji alijua. Sabina mwenyewe nilikuwa sijamwambia, lakini mambo ya namna hiyo mwanamke huyajua bila kuambiwa.

Kwa muda mrefu tuliendesha wawili, kila Jumamosi ambayo hakuwa na zamu. Halafu akaja Elias.

Elias ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, na nilimkaribisha kwa mdomo wangu mwenyewe, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Akaja na baiskeli ya gia, nyembamba, haina hata pa kuweka mkate. Akaja na kaptula ya kubana ambayo mtu mzima mwenye haya angeivaa chumbani tu. Mimi naendesha baiskeli nyeusi ya marehemu baba, nzito, yenye karia kubwa nyuma ya kubebea spana na mabomba. Sabina aliinyanyua ile ya Elias kwa mkono mmoja, akasema, "Jamani, nyepesi hii!" Yangu hajawahi kuigusa.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa watatu kama kawaida. Kwenye kilima cha Buswelu mnyororo wa Sabina ukachomoka. Mimi ndiye niliyeufunga ule mnyororo, na spana zilikuwa kwenye karia yangu, lakini kabla sijashuka Elias alikuwa ameshapiga magoti, vidole vimejaa grisi. Akaurudisha. Sabina akatoa kitambaa chake akamfuta jasho la uso. Niliwatazama hadi macho yakaniwasha, kisha nikajifanya nakagua matairi.

"Ngosha," Elias akaniita tulipoanza tena kupanda, "tukifika Kayenze kuna jambo tunataka kukwambia."

Tunataka! Nani na nani? Nikamjibu, "Kama ni kuhusu baiskeli yako mpya, nimeshaisikia," nikakanyaga pedeli kwa nguvu zote nikawaacha. Baiskeli yangu ni nzito, ila kwa hasira inakwenda.

Sangabuye tulikunywa chai kwa mama lishe mmoja. Nilimimina vikombe vitatu, nikachukua sukari nimwekee Sabina vijiko viwili kama siku zote. Elias akafunika kikombe kwa kiganja. "Huyu hatumii sukari," akasema, bila hata kunitazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

Sabina akacheka kwa aibu. "Zamani tu, Ngosha. Nilikuwa nakunywa kwa sababu ulikuwa umeshaiweka."

Sikula kitumbua hata kimoja. Wivu ulinishika vibaya mno, na sioni haya kuutaja kwa jina lake. Nilimchukia yule rafiki yangu kwa kiganja chake, kwa kaptula yake, kwa kujua kikombe cha chai. Nikaapa moyoni kwamba sitasubiri mpunga. Siku hiyohiyo Sabina angejua nia yangu, na Elias angejua pia.

Tulipopita nyumbani kwa mama yake Sabina, ile nyumba yenye ua wa minyaa, mimi nilipiga kengele na kupunga mkono ingawa sikuona mtu. Elias aliinamisha kichwa akakanyaga kama anafukuzwa na mbwa. Nikasema peke yangu, tazama mtu asiye na adabu, hata kubisha hodi kwa wazee hajui. Nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi siku ile.

Mbele kidogo njia inakuwa nyembamba, mihogo huku na huku, mirefu kumpita mtu. Nilikuwa wa mbele, Sabina katikati, Elias nyuma. Nikamwona mwanamke anakuja kutoka upande wa ziwani, ndoo kichwani, anatembea wima. Alikuwa mama yake Sabina, mama Paskazia, anatoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kununua dagaa.

Kwetu Usukumani mwanaume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake njiani. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia porini au shambani, mpaka mama apite. Ndiyo heshima yenyewe. Vijana wa mjini wengi wameacha, wengine wanapiga hadi picha na wakwe zao, lakini mama Paskazia ni wa zamani. Sabina mwenyewe alinihadithia jinsi mume wa dada yake alivyowahi kusimama kwenye majaruba ya mpunga, maji hadi magotini, wakati mama huyu anasalimiana na jirani bila haraka.

Basi nikawaza upesi. Nikimpa shikamoo, mimi ni mpita njia tu. Elias naye atampa shikamoo, na lile tabasamu lake, na tutakuwa sawa. Lakini nikimkimbia! Mama ataona. Sabina ataona. Elias, aliyekulia hukuhuku na anajua maana yake, ataona. Nitakuwa nimeposa bila kufungua mdomo.

Nikakata usukani kushoto.

Baiskeli ya baba iligonga tuta, ikanirusha, nikatua kifudifudi katikati ya mihogo, mchanga mdomoni. Goti lilichubuka. Sikujali. Nililala pale natabasamu peke yangu kama mtu aliyeshinda kesi, nikimwazia Elias barabarani, amesimama kama mgeni, hana la kufanya ila kusalimia.

Ndipo nikasikia kishindo kingine. Majani yakapasuka, kitu chepesi kikaanguka karibu na miguu yangu, na Elias akaja akitambaa, kofia imeteleza hadi sikioni.

"Umefuata nini huku?" nikamnong'oneza kwa ukali.

"Mama mkwe anapita," akasema, anahema. Halafu akanitazama vizuri, na goti langu, na mchanga mdomoni. "Na wewe je?"

Nikatema mchanga. Alichelewa kuelewa, nami nilichelewa pia, tukabaki tunatazamana. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ngosha, ndugu yangu. Posa ilishapokelewa. Ndilo tulilotaka kukwambia Kayenze. Nilijaribu pale kilimani ukakimbia."

Barabarani nyayo zilikuwa zimesimama. Nikasikia sauti ya mama Paskazia, haina hasira, haina haraka.

"Sabina, nimeona wawili wameingia kwenye mihogo yangu."

Nikasikia Sabina anashuka kwenye baiskeli.

"Mkwe wangu kwako wewe ni mmoja," mama akaendelea, akielekeza sauti shambani. "Huyo abaki hukohuko, heshima yake nimeiona. Yule mwingine atoke anisalimie."

Elias akainamisha uso wake udongoni. Mimi nikasubiri. Namwambia mtu yeyote ukweli, nilisubiri nikimwomba Mungu atakayenyanyuka awe yeye. Hakunyanyuka. Alijifunika kichwa kwa mikono kama inavyompasa mkwe, akatulia.

Nikajikung'uta, nikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kuanzia goti hadi usoni, muda mrefu. Nadhani alielewa yote, maana aliuliza kwa upole mno: "Tumbo lilikukata?"

"Ndiyo, mama. Tumbo."

"Pole. Njia hizi zina maji mabaya."

Sabina alikuwa anatazama usukani wa baiskeli yake. Hakucheka. Angecheka ningepata angalau cha kukasirikia.

"Hiyo baiskeli yako ina karia," mama akasema. "Ndoo hii imenichosha. Nisindikize nyumbani, wenzako watatangulia."

Nikaitoa baiskeli ya baba shambani, nikaifunga ndoo ya dagaa kwa mpira wa kufungia mabomba, nikaigeuza kurudi tulikotoka. Kwa mara ya kwanza tangu niigundue ile njia, nilikuwa napita mahali pamoja mara mbili. Nyuma yangu mihogo ilitikisika, Elias akatoka, Sabina akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Baadaye kengele ya Sabina, ile niliyomfungia mimi, ikalia kwenye kona ya kuelekea Kayenze.

Mama Paskazia alitembea bega kwa bega nami, akinitazama usoni bila wasiwasi wowote.

"Na mpunga wenu huko," akaniuliza, "umekubali mwaka huu?"

"Umekubali, mama," nikamwambia. "Wiki ijayo tunavuna."