Uji wa Kivuva

Jumamosi moja mwaka wa 1978, Kivuva wa Tawa, mzee wa kanisa, alikunja suruali akaoshea bomba la kupulizia pamba dawa ndani ya silanga, kama kawaida yake. Silanga ni bwawa ambalo akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kazi za pamoja, walilichimba kwa majembe. Kivuva hakutoa hata mpini. Maji yakawa meupe, kisha yakatulia.

Ndinda, aliyekuja kuteka, alimwambia aoshee kwake.

"Kwangu maji ni ya kubeba," Kivuva akajibu. "Na hii dawa ni ya wadudu. Kwani wewe ni mdudu?"

Vyura walikuwa wamenyamaza tangu mvua za mwaka juzi. Mayai yao yalielea ukingoni mpaka yakaoza, na madume hawakuita tena majike. Ndinda naye alikuwa amezika mtoto kabla ya siku ya tatu, ambayo kwao ndiyo siku ya kupewa jina. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na maji mengine hayakuwepo.

Pamba ilipotoa maua, tumbo la Kivuva lilivimba. Mkunga akaitwa, akamkanda mgongo, na Kivuva akajifungua beseni zima la mayai ya chura. Mkunga alisema uzazi ulikuwa rahisi, ila mzazi ana kelele.

Akina mama walimletea uji, kama wanavyompelekea mzazi yeyote, wakasimama hapo mpaka akamaliza kibuyu. Kivuva aliyapenda mayai yale. Aliyafunika kwa koti lake la kanisani, akachagua jina la baba yake na la mama yake. Siku ya tatu mbuzi alichinjwa, lakini beseni lilikuwa linanuka.

"Ndinda, mbona hayasongi?"

"Zika," Ndinda akasema. "Hata mimi nilizika."

Akamkabidhi jembe. Alifurahi, wala hakuona haya kufurahi, na hakuondoka mpaka shimo likafukiwa. Kivuva alilia machozi ya kweli.

Jumamosi iliyofuata alirudi silangani na bomba lake. Tumbo lilikuwa limeanza kujaa tena, kwa hiyo aliinama kwa shida.

"Uji tutaleta," Ndinda alimwambia. Akangoja ule weupe utulie, kisha akajaza mtungi wake.