Soma Kosa Kama Lilivyo

Mjomba wangu alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, na mimi nilikuwa sauti yake. Ndivyo walivyoniita pale kazini, Sauti. Yeye walimwita Nukta, kwa kuwa alikuwa mfupi wa mviringo, na akishasema jambo, limekwisha.

Nilipomaliza kidato cha nne bila alama za kuendelea, mama alimwomba kaka yake anitafutie cha kufanya. Mjomba akaniketisha upande wa pili wa meza yake. Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mimi nilishika mswada wa mwandishi na kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata alama: herufi kubwa, mkato, fungua mabano, funga mabano. Yeye alishika prufu, ukurasa uliokwisha kupangwa, akiufuata kwa kalamu nyekundu. Nilichosoma kikipishana na anachokiona, anakata na kuandika nilichosoma. Hakuna kubishana. Mswada ndio bwana, alikuwa akisema. Ukurasa ukiisha anatia sahihi yake. Msomaji hatii sahihi popote.

Tulikaa hivyo miaka tisa. Kiingereza changu chote kilitoka mezani pale, si shuleni.

Katika mwaka wa tisa macho ya Mjomba yaliingia ukungu. Alianza kusogeza prufu karibu na pua, kisha akaanza kuegemea sikio. Kitabu kimoja kikatoka na kichwa cha sura kimerudiwa mara mbili. Meneja alimwita, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na mafaili, akamwambia kwa upole kwamba kosa jingine moja tu likitoka na sahihi yake, ataenda kupumzika. Zilikuwa zimebaki siku mia mbili na kidogo astaafu kwa heshima, pamoja na wenzake, kwa kupeana mikono. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na meza ile. Tangu siku hiyo kila ukurasa tuliousoma, nilisikia moyo wangu ukihesabu siku.

Ndipo kikaja kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha sekondari. Kilitakiwa kiwe kwenye malori Jumatatu. Alhamisi tulisoma tangu asubuhi, na saa kumi meneja alikuwa ameshatuma mtu mara tatu kuulizia kurasa za mwisho. Koo langu lilikuwa limekauka kama karatasi.

Ukurasa wa sitini na nne ulikuwa wa vielezi. Mwandishi aliwaonya wanafunzi wasichomeke kielezi katikati ya kitenzi na kile kinachotendwa. Sisi lugha yetu haina ugomvi na hilo. Ukisema alifunga polepole mlango, au alifunga mlango polepole, mlango umefungwa na hakuna atakayekushtaki. Kiingereza hakikubali. Kwa hiyo mwandishi aliweka jozi sita za sentensi, kushoto yenye kosa, kulia iliyo sahihi. Kushoto: *She closed quietly the door*. Kulia: *She closed the door quietly*.

Jozi ya kwanza nilisoma vizuri, na ya pili pia. Jozi ya tatu, Mjomba aliinua kalamu.

"Rudia ya kushoto."

Nikarudia.

"Una hakika, mama?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mjomba."

Akakata, akaandika juu yake nilichosoma. Tukaendelea. Saa kumi na nusu akatia sahihi, akanyoosha mgongo, akasema leo mpwa wake amesoma kama mtangazaji.

Kesho yake asubuhi nilipita chumba cha mashine. Fundi wa mashine tulimwita Redio, kwa sababu alikuwa anashinda kelele za mitambo kwa mdomo wake tu. Aliniita kwa mkono, ameshika karatasi yenye wino mbichi.

"Sauti, njoo unifundishe. Hapa wameandika kosa, hapa wameandika sahihi, na zote mapacha. Kumbe Kiingereza cha siku hizi hakina wa kufeli?"

Alicheka. Nilicheka pia, sijui kwa nini. Nikamwambia naangalia, nikaondoka na ile karatasi nikitembea taratibu mpaka kona, kisha nikakimbia hadi kabati la miswada.

Mswada ulikuwa safi. Mwandishi hakukosea. Katika jozi ya tatu, ya nne na ya sita, sentensi za kushoto alikuwa ameziandika na makosa yake, kama alivyokusudia. Ni mimi niliyezinyoosha. Ulimi uliochoka, uliozoea miaka tisa kusoma Kiingereza kilichonyooka, ulikutana na sentensi iliyopinda ukaiweka sawa bila kuniuliza. Na aliponiambia nirudie, sikurudi kuitazama karatasi. Nilirudia kilichokuwa mdomoni.

Nilisimama pale na mswada kifuani. Mashine ilikuwa inatetemesha rangi ya ukutani. Kila mtikisiko ni karatasi moja. Ningeweza kuurudisha mswada kabatini, na Redio angesahau utani wake kabla ya chai. Mjomba angezimaliza siku zake, na huko shuleni watoto wangekuna kichwa kwenye ukurasa wa sitini na nne, mwalimu akiulizwa aseme ni kosa la kiwandani. Nilifikiria hivyo. Naandika kwamba nilifikiria.

Kisha nikaenda mezani, nikamwekea Mjomba karatasi na mswada mbele yake, nikaweka kidole kwenye jozi ya tatu. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa wino. Alitazama huku, akatazama huku. Alichukua muda mrefu. Halafu akafunga kalamu yake kifuniko, akainuka, akaenda chumba cha mashine bila koti.

"Zima," alimwambia Redio.

Redio alimweleza kwamba bila neno la meneja hawezi, kwamba zimeshatoka elfu nne, kwamba malori ni Jumatatu. Aliyasema yote hayo kwa heshima, akimwita mzee wangu. Mjomba akamzunguka, akapapasa ubao wa mashine kwa kiganja kama mtu anayetafuta swichi gizani, akabonyeza kitufe chekundu. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena mahali pale mchana.

Ofisini meneja aliweka mswada na karatasi sambamba. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu imekuwaje sentensi tatu zikakatwa kwa kalamu nyekundu ilhali mpangaji wa herufi alizipanga sawa na mswada. Mimi nilikuwa nyuma ya Mjomba, mdomo umeshafunguka. Neno lilikuwa tayari, mimi. Ni neno fupi.

"Macho," alisema Mjomba. "Msichana alisoma sawasawa. Macho yangu haya."

Meneja akanitazama. Alisubiri kidogo, au naona leo kwamba alisubiri. Nikafunga mdomo.

Karatasi zile elfu nne ziliharibiwa, ukurasa ukarekebishwa, malori yakaondoka Jumanne. Mjomba aliondoka Ijumaa ile ile saa sita, na kalamu yake mfukoni. Hakuna aliyemwandalia cha kuagana. Redio peke yake alitoka nje kumshika mkono. Mwezi uliofuata nilipewa kiti chake.

Aliishi miaka minne baada ya hapo, chumba cha nyuma nyumbani kwa mama. Macho yalipozima kabisa nilikuwa nampelekea prufu za zamani jioni nimsomee, na alama zote, maana bila nukta na mkato alikuwa anasema namsomea uji. Mara nyingi nilipanga kumwambia. Nilikuwa nafika mwisho wa ukurasa, nageuza mwingine. Jioni moja tu, nikiwa nakusanya karatasi, alisema bila kugeuka, "Siku ile ulisoma vizuri kuliko mwandishi." Akacheka mpaka akakohoa. Nilimpa maji.

Tulimzika mwezi uliopita.

Wiki hii nimepewa msomaji mpya, mwanamke mzima aliyetoka kwenye kazi ya duka, mwepesi wa ulimi. Siku ya kwanza nilimwambia asome kosa kama lilivyo, hata likimwasha mdomo. Aliniuliza kama kuna aliyewahi kulisoma vingine. Nikamwambia yupo. Akauliza ni nani, huku akicheka, akidhani ni hadithi za kazini.

Nikamwambia ni mimi. Kisha nikainuka, nikaenda kugonga mlango wa meneja.