Nauli ya Mteremko

Siku ya kwanza injini ilipozimwa pale juu, karibu na kanisa la Kwengoma, abiria wote walinyamaza. Basi liliendelea kwenda. Lilishuka mlima kwa uzito wake lenyewe, matairi yakisaga kokoto, na upepo ukavuma madirishani kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ndani ya basi lile. Mama mmoja akaanza Salamu Maria. Praxeda, aliyekaa kiti cha mbele na kapu lake la hiliki mapajani, alimtazama dereva akidhani amezirai.

Dereva Noa alikuwa mzima. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na midomo ameibana kama mtu anayezuia kicheko.

"Noa, gari limekufa?" Praxeda aliuliza.

"Halijafa, dada. Limepumzika."

Kule nyuma kondakta Mselem, mwenyeji wa Pangani aliyependa kusafiri akining'inia kwenye ngazi, alipiga bati na kuwatangazia watu kwamba hii inaitwa frii, na kwa Kizungu frii maana yake ni bure, kwa hiyo ambaye moyo umempanda kooni aumeze tu, hatadaiwa. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeachia kiti alichokishika mpaka basi lilipofika darajani chini na injini ikanguruma tena.

Huo ndio mwaka serikali ilipopandisha ushuru wa petroli. Himyar bin Humaid, mwenye basi, aliwakusanya abiria wake stendi ya Muheza na kuwaambia kwa huzuni ya kweli kwamba petroli si yake, ushuru si wake, na nauli mpya haikutoka moyoni mwake. Kisha akamwekea Noa kipimo cha mafuta. Kwa safari ya kwenda Kwengoma na kurudi atapewa debe moja. Likipungua njiani, dereva atajaza kwa mshahara wake. Likibaki, kilichobaki ni chake. Madereva wengine walipowekewa vipimo vya namna hiyo walianza kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Noa hakutaka wizi. Aligundua mlima.

Kwa Praxeda nauli ile mpya ilikuwa pigo. Alikuwa mjane, na biashara yake ilikuwa kununua hiliki na ndizi mlimani na kuziuza Muheza. Binti yake Kristina alisoma bweni kwa masista. Baada ya ushuru kupanda, faida yote iliishia kwenye nauli, na masista walikwisha kumwambia kwa upole kwamba muhula ujao, kama hakuna ada, Kristina abaki nyumbani. Praxeda alijaribu kushuka mlima kwa miguu, mzigo kichwani. Alifika sokoni wanunuzi wa asubuhi wameondoka, na ndizi zimechubuka.

Kwa hiyo kimya kile cha injini hakikumtoka kichwani. Alikibeba hadi Muheza, akakipeleka moja kwa moja dukani kwa Himyar, abiria kadhaa wakimfuata kuona kitakachotokea.

"Shikamoo, Bwana Himyar."

"Marahaba, Mama Kristina. Hiliki imekubali?"

Alijibu kwamba hiliki imekubali, ila ana swali. Nauli imepanda kwa sababu ya ushuru wa petroli, sivyo? Himyar akasema ndivyo. Na ushuru unalipwa kwa petroli inayoungua? Himyar akasema ndivyo. "Sasa kutoka kanisani hadi darajani hatuunguzi hata tone," Praxeda alisema. "Huko tunalipa ushuru wa nini? Wa upepo?"

Watu waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Himyar naye alicheka mpaka akafuta macho, na ghafla kicheko kikamkatika. Aligeuka akamtazama Noa, aliyekuwa amesimama nje kando ya basi. Hakuna aliyekuwa amemwambia Himyar kwamba injini inazimwa.

Hapo ndipo Praxeda alipoelewa alichofanya. Alikuja kudai haki ya abiria, akaifichua siri ya dereva.

Himyar hakuwa mtu mkali. Alipenda hoja nzuri, na hoja hii ilimpendeza. Aliamua palepale kwamba anayeshuka kutoka Kwengoma atalipa nusu nauli, kwa sharti kwamba injini izimwe mteremko wote. Na kwa kuwa mteremko hauli mafuta, kipimo cha Noa nacho kitapunguzwa. Wanawake wa mlimani walimpigia Praxeda vigelegele. Kristina alirudi shule. Noa hakulalamika. Alikuwa amepoteza mafuta yake yaliyokuwa yakibaki, na mlima aliokuwa akiushuka kwa akili yake, akizima siku ya jua na kuacha gia siku ya matope, sasa ukawa amri.

Abiria nao wakawa wakali. Mtu anayelipa nusu hupenda kuhakikisha amepata nusu yake. Walitega masikio kila kona. Siku moja mzee Rafaeli, katekista wa Kwengoma, alidai kwamba amesikia injini ikinguruma kwenye kona ya mwisho, na kwamba Noa amewatengenezea kesi ya kulipishwa nauli nzima. Noa akakana. Mabishano yalipochosha watu, ukapatikana mpango uliomridhisha kila mmoja: basi likifika kanisani, Noa atachomoa ufunguo na kumkabidhi Praxeda, na Praxeda atamrudishia darajani.

Praxeda aliufunga kwenye pindo la kanga yake, alipofunga senti zake siku zote. Mselem aliona hilo na hakulinyamazia. Alisema Noa sasa ameozwa mke wa pili bila mahari, na akamwahidi kumfikishia Dorkasi salamu. Dorkasi, mke wa Noa, alipoambiwa, alisema Praxeda amchukue tu, mradi yeye aachiwe mshahara. Hata Noa alicheka siku ile. Basi likashuka hivyo kimyakimya, soko baada ya soko, na watu wakazoea hata kusinzia.

Masika yakaingia. Soko la mwisho kabla ya Pasaka lilikuwa kubwa kuliko yote. Ndizi zilirundikwa juu ya basi mpaka Mselem akakosa pa kukanyaga, na ndani watu walikaa wakipakatana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na barabara ilikuwa nyekundu, inang'aa. Noa alisimamisha basi kanisani. Hakuchomoa ufunguo. Aligeuka nyuma, jambo ambalo hakulizoea.

"Leo nashuka na gia," alisema. "Gari ni zito na njia imelowa. Gia ndiyo inayolizuia. Breki peke yake itachoka."

Kelele zilizotokea zilimshangaza hata yeye. Injini ikiwaka ni nauli nzima, na watu walikuwa wamekuja na nusu. Mmoja alisema watashuka wote watembee, na ndizi zioze humo humo. Mwingine alisema dereva amekula njama mpya na mwenye gari. Mzee Rafaeli, sauti yake ikiwa imezoea kanisa, alipiga kiti kwa fimbo na kusema azime, mkataba ni mkataba. Noa aliwaambia watoe nusu yao tu, yeye atanyamaza, ni mafuta ya kijiko. Wakamjibu kwamba Himyar atajua, na nusu nauli itakufa siku hiyohiyo.

Kisha wote wakamtazama Praxeda. Yeye ndiye aliyewapa nusu nauli, na yeye ndiye aliyekuwa mshika ufunguo. Alifikiria basi kurudi kwenye nauli nzima. Alifikiria masista na upole wao.

"Noa, umeushuka mlima huu mwaka mzima na hujaanguka," alisema. "Nipe ufunguo."

Noa alimtazama kidogo. Hakuurusha wala hakuutupa. Aliuweka kiganjani mwake, na Praxeda akaufunga kwenye pindo la kanga iliyolowa mvua.

Kona za mwanzo zilipita salama. Kisha harufu ikaingia, harufu ya kitu kinachoungua, na watu wakaanza kuulizana nani amebeba moto. Praxeda aliuona mguu wa Noa ukikanyaga breki, ukainuka, ukakanyaga tena. Mara ya tatu ulikwenda moja kwa moja hadi chini, kama kwamba chini ya kanyagio hapakuwa na kitu chochote.

"Ufunguo," Noa alisema. Hakupaza sauti.

Vidole vya Praxeda vilikwisha kufika kwenye fundo. Nguo iliyolowa ilikuwa imejikaza kama kamba. Alivuta ncha moja, fundo likazidi kubana. Miti ilianza kupita upesi. Noa alijaribu kuingiza gia, na chini ya miguu yao kikasikika kilio cha chuma kinachokataa chuma. Bila injini kuwaka, kwa mwendo ule, gia isingeingia.

"Dada, ufunguo."

Alilitia fundo mdomoni na kuling'ata. Watu walikuwa wakipiga mayowe, lakini baadaye alikumbuka ladha ya matope na rangi ya nguo tu, na dirishani, kitu ambacho macho yake yalikataa kukielewa: Mselem alikuwa anakimbia. Alikuwa ameruka kutoka ngazini, na sasa alikimbia ubavuni mwa basi akiwa amekumbatia gogo ambalo kondakta hulibeba la kuzuilia gurudumu, kiatu kimoja kimemtoka, mdomo uko wazi. Alilifikia gurudumu la mbele. Akainama.

Basi likainuka upande mmoja, likatua. Noa akazungusha usukani wote kuelekea ukingoni, udongo ukaingia madirishani, na mikungu ya ndizi ikamwagika mbele ya kioo mpaka giza likawa kamili.

Halafu kimya. Kilikuwa kimya kilekile cha siku ya kwanza.

Walitoka mmoja mmoja kupitia dirisha la nyuma. Wapo waliovunjika mkono, wapo waliopasuka vichwa, na wote walikuwa hai. Mselem alikuwa barabarani juu kidogo, na Noa, ambaye bega lilikuwa limeteguka, alikuwa amepiga magoti kando yake. Mzee Rafaeli alivua koti lake na kumfunika. Ni yeye aliyemwinua maiti kwa mikono yake mwenyewe na kumbeba hadi darajani, akikataa kupokewa. Praxeda alikaa ukingoni. Fundo lilikuwa bado limefungwa.

Mselem alizikwa Pangani siku iliyofuata. Baada ya maziko, abiria waliitwa kituo cha polisi Muheza kutoa maelezo. Noa alikuwa ameketi sakafuni, mkono umefungwa shingoni. Ilisemekana kwamba dereva aliyeua mtu kwa kuzima injini mlimani hafungwi miezi, hufungwa miaka. Dorkasi alikuwa kwenye benchi la ukutani, na kila neno lililosemwa lilimfikia.

Himyar alizungumza kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, kwa sababu Mselem alikuwa kwake kama mtoto wa nyumbani. Alisema aliweka kipimo cha mafuta, kama wenye magari wengi. Namna ya kushuka mlima, alisema, ni kazi ya dereva.

Praxeda alidhani hakusikia vizuri. Alisubiri mtu acheke, au abishe. Sajini aliita shahidi wa pili, yule mama aliyesali Salamu Maria siku ya kwanza, naye akasema dereva alikuwa na tabia ya kuzima ili abakishe petroli ya kuuza. Wa tatu akasema hivyohivyo. Akaja mzee Rafaeli, mtu aliyembeba Mselem kifuani kama mtoto, akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuona wala hakusikia chochote, alikuwa amesinzia.

Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililompiga Praxeda ganzi. Aliwafahamu wote, alikuwa amekula nyumbani kwao, na alijua kila mmoja anaogopa nini. Mlangoni jirani yake alikuwa amemnong'oneza: tukisema kweli tutafungwa sisi sote, na nauli itarudi ilivyokuwa, wewe una mtoto shule, Mama Kristina, tumia akili.

Jina lake lilipoitwa alisimama mbele ya meza, na sajini akamwuliza kama ni kweli dereva alizima injini kwa tamaa yake.

"Ufunguo nilikuwa nao mimi," Praxeda alisema.

Kalamu ya sajini ilisimama. Praxeda akaeleza yote: debe, ushuru, nusu nauli, sharti la Himyar, kelele za kanisani, na dereva aliyeomba kushuka na gia akakataliwa. Aliposema kwamba aliombwa ufunguo mara mbili na hakuutoa, alishika pindo la kanga yake bila kujua, na chumba kizima kikatazama mkono wake.

"Usimwandike huyo," Noa alisema kutoka sakafuni. "Dereva ni mimi. Ufunguo niliutoa kwa mkono wangu."

Sajini aliwatazama wawili hawa kwa mshangao wa mtu aliyezoea kuona watu wakisukumiana lawama. Alimwonya Praxeda kwamba maneno yale yanaweza kumfikisha mahakamani Tanga yeye pamoja na dereva. Praxeda akasema ameelewa. Sajini akauliza watu wa Kwengoma kama kuna anayeyaunga mkono. Himyar alikuwa akitazama viatu vyake. Mama wa Salamu Maria alikuwa akitazama dirishani.

Praxeda akarudi kukaa, lakini mahali pake palikuwa pamezibwa. Wenzake walikuwa wamesogeleana bila kusemezana. Akabaki amesimama katikati ya chumba. Dorkasi, ambaye hakuwa amemwangalia tangu asubuhi, alivuta kanga yake karibu na kumwachia nafasi kwenye benchi. Walikaa hivyo, mabega yamegusana.

Sajini alikuwa anafunga jalada fimbo iliposikika sakafuni. Mzee Rafaeli alikuwa amesimama.

"Sikusinzia," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, nikitaka azime."

Mtu mmoja nyuma yake alimvuta koti ili akae. Mzee alilivua koti, akamwachia mkononi, akasogea mezani.