Swichi Iliyomkatalia Binti

Gari la kusambazia maji ya chupa lilifika gereji likisukumwa, na dereva wake, dada mmoja aliyerithi kazi ya baba yake, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma. Fundi umeme akafungua plastiki ya chini ya usukani, akatoa taa yake ya kupimia. Betri nzima, fyuzi nzima.

"Washa, dada."

Dada akazungusha ufunguo. Umeme ulifika kwenye swichi ukaishia hapo hapo. Waya wa kwenda starta haukupata kitu. Fundi akazungusha mwenyewe, injini ikanguruma. Akaizima, akamrudishia ufunguo. Dada akazungusha tena: kimya.

Akaigusa swichi. Ilikuwa na joto, si la waya unaoungua, bali la kiganja cha mtu.

"Mzee wako alifia humu?"

"Humu humu. Kwenye mteremko, breki zilikataa."

"Zikatengenezwa?"

"Bosi alinyoosha bodi, akapiga rangi. Breki anasema bado zinavumilika."

Fundi akafuta mikono, akainama chini ya usukani. "Shikamoo, mzee."

Taa ya kupimia ikawaka, ikazima.

"Ameitikia," fundi akasema. "Swichi haina ubovu. Ameushika umeme, anakuzuia wewe tu."

Dada akaweka kiganja chake juu ya swichi. "Baba, nina watoto. Niache nikafanye kazi."

Umeme haukusogea. Mzee alikuwa mbishi tangu uhai wake, na alimpenda binti yake huyu kupita kiasi. Dada akalia, kisha katikati ya kilio akacheka. "Nilipokuwa mdogo alikuwa ananifichia viatu, mvua ikinyesha, nisitoke nje."

Fundi akamwacha akae naye. Magari mengine yalisubiri, hakuna aliyelalamika.

Bosi alipofika alielezwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakubisha.

"Kwa hiyo tubadilishe breki," fundi akasema.

"Kwa hiyo tubadilishe dereva," bosi akajibu, akapiga simu.

Dereva mpya alikuja mchana huo, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Dada akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Akamwambia breki hazishiki, akifika mteremkoni akanyage mapema. Yule bwana akashukuru, akapanda.

"Samahani, ndugu yangu," fundi akamwuliza dirishani, "baba yako yu hai?"

"Yupo, namshukuru Mungu. Mzima kabisa."

Akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.