Barua ya Toleo la Pili

Mwaka 2005 nilikuwa kibarua wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, na mkataba wangu ulikuwa unaelekea kuisha. Bwana Cornel, mkuu wa kitengo, alikuwa ameniahidi: tovuti ya bei za mahindi ya soko la Kibaigwa ikifunguka mbele ya wageni kutoka Dar, jina langu analipeleka yeye mwenyewe nipate ajira ya kudumu.

Tovuti ile niliijenga juu ya fremuweki, yaani programu ya msingi inayoibeba, toleo la pili. Ilibidi nijue seva ya ofisi ina toleo gani, maana kwenye la kwanza kazi yangu isingefunguka kabisa. Unaandika amri moja tu, unasoma jibu. Lakini kibarua haruhusiwi kuingia chumba cha seva, na katika ofisi ile hata ukitaka kujua ni saa ngapi, unaandika barua. Basi nikaandika, kupitia kwa Bwana Cornel, kwenda kwa Mzee Batholomeo, afisa vifaa mwenye ufunguo. Baada ya wiki tatu jibu likaja na muhuri na sahihi yake: seva ina toleo la pili. Nikafurahi kama mjinga.

Siku ya wageni, mkataba wangu ukiwa umebakiza siku nne, ukumbi ulijaa. Bwana Cornel akabofya. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mistari mitatu ya makosa kwa Kiingereza. Akabofya tena, yale yale. Wageni wakaanza kutazama simu zao.

Nikatoka mbio hadi kwa Mzee Batholomeo, nikamwomba anifungulie chumba, hata shikamoo nilisahau. Akafungua. Nikaandika ile amri, na jibu likaja papo hapo: toleo la kwanza. Hasira zilinipanda hadi macho yakaniwasha.

"Mwanangu, mimi sijui kuiuliza mashine," akasema nyuma yangu. "Niliangalia boksi la sidii ya programu kule stoo. Limeandikwa mbili. Niliona aibu kumwuliza mtu."

Tukaenda wote stoo kuliona. Sidii ilikuwa ndani ya nailoni yake, haijaguswa. Kuiingiza kwenye seva kungechukua zaidi ya saa nzima, na wageni walikuwa wanaondoka baada ya chai. Sikuwa na la kufanya. Nilikaa chini sakafuni, na sisemi uongo, nililia.

Bwana Cornel akatukuta pale, ile barua yenye muhuri mkononi. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema kama barua ile ina uongo, aliyeitia sahihi atajieleza kwa maandishi, na faili litakwenda juu. Mzee Batholomeo alikuwa anastaafu Februari baada ya miaka thelathini na moja. Faili kama hilo lingeweza kumnyima pensheni. Nilimchukia mzee yule, na huruma ikanishika hapo hapo, vyote pamoja.

"Nani kakosea?" Bwana Cornel akauliza.

"Ni mimi, bosi," nikasema. "Barua iko sawa. Nilijenga vibaya."

Kisha nikamtazama Mzee Batholomeo, nikisubiri aseme sivyo. Bwana Cornel naye akamtazama. Mzee akaangalia sakafu, akasema, "Vijana wa siku hizi wana haraka."